Mtani Amechukua Timu

Mimi mpira sijawahi kuupenda, na nalisema mapema ili mtu asije akaniambia naililia timu. Watu wazima na ndevu zao wanafukuzana na mpira uwanja mzima, wakimaliza wanataka maji ya moto na ugali, na soksi zao zimeshika udongo mwekundu wa Songea ambao ukishaingia kwenye nguo nyeupe umehamia. Jezi za Chandamali United nimezifua mimi tangu mume wangu Gaspari apewe uenyekiti, na alipewa uenyekiti nikiwa bado na kiuno. Nimezipigia pasi, nimezishonea vifungo, nimewapikia wenye jezi maharage. Mpira wenyewe sijui hata kuotea ni nini, na wakinieleza nasahau.

Kwa hiyo nikikuambia kuondoka kwa timu ile kuliniuma, ujue iliniuma kweli.

Tatizo letu lilianza na Isidori Kihwele. Isidori ni Mhehe. Sisi Wangoni, ambao mababu zetu walitoka kwa Wazulu. Babu zetu na babu zao walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakawa watani, na tangu hapo Mhehe anaweza kuingia jikoni kwako bila hodi, akafunua sufuria, akala nyama iliyo juu, halafu akakuambia umepika kama mtu mwenye homa. Huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, wewe ndiye mwenye makosa, na faini utalipa wewe. Basi ndiyo maisha niliyoishi na Isidori. Baba yake alikuja Matogoro zamani kwa kazi ya misitu, akazaa hapa, akazikwa hapa. Isidori na mume wangu walisoma dawati moja Peramiho. Siku ya harusi yetu alikaa kwenye kiti cha bwana harusi akakataa kutoka mpaka alipopewa jogoo. Mimi nimekaa na shela langu namwangalia, nacheka mpaka poda inanitoka.

Baadaye Isidori alipata. Mbao, kisha hoteli, hoteli yenyewe iko Iringa kwao. Timu ilipoanza kuyumba yeye ndiye aliyetoa basi. Wachezaji walipougua yeye ndiye aliyewapeleka hospitali. Sitamnyima haki yake, ingawa leo nina hasira naye.

Mwisho wa msimu, mwezi wa tano, tuliponea chupuchupu kushuka daraja. Kocha alikuwa ameshaondoka na hata kuaga hakuaga. Golikipa alikuwa anapakia magunia ya mahindi kwenye malori siku ambazo hakuna mechi, anakuja uwanjani mgongo umekufa. Gaspari akaitisha mkutano wa wanachama Jumapili baada ya misa, katika ukumbi wa shule, wajadili timu itaishije. Mimi nilikuwa mlangoni na birika zangu za chai.

Wakaongea, wakaongea. Wangoni tukipewa nafasi ya kuongea! Kila mtu alisimama akasema timu ni yetu, timu ni damu yetu, na aliyesema hivyo kwa sauti kubwa kuliko wote ndiye ambaye mechi zote alikuwa anaruka ukuta asilipe kiingilio. Mwishoni Isidori akasimama. Alikuwa amevaa koti zuri la kijivu.

"Nyie wakimbizi wa Kizulu," akasema, "timu imewashinda. Naichukua. Naipeleka Iringa ikapate matunzo."

Ukumbi ukalipuka. Watu walikuwa wamechoka kuongea mambo mazito, wakapata pa kupumulia. Mume wangu akainuka, na niseme ukweli, Gaspari kwenye utani hana mpinzani mkoa huu. Akashika kiuno.

"Chukua!" akasema. "Chukua, lakini vijana wetu usiwalishe ile nyama yenu inayobweka!"

Watu wakapiga meza. Renatha, shoga yangu, anayeongoza nyimbo uwanjani, akapiga kigelegele mpaka masikio yakaziba.

Isidori akasubiri kelele zipungue. "Gaspari, nasema kweli. Naichukua."

"Si nimekwambia chukua! Chukua na mwenyekiti! Chukua na mke wake, mwenyewe yupo pale mlangoni, ana mdomo huyo, utamrudisha kabla hujafika Njombe!"

Nikamrushia kitambaa cha birika. Kikampata usoni. Watu wakafa kwa kicheko.

"Basi," Isidori akasema, "anayekubali timu iende Iringa anyooshe mkono."

Mikono ikapanda ukumbi mzima. Wengine walinyoosha yote miwili. Renatha alikaa kwenye benchi akanyoosha na mguu. Na katibu wetu Abdulswamadu, kijana mpole wa kutoka Namtumbo, asiyeweza kuona jambo la kuchekesha asilipige picha, akashika simu yake juu akarekodi yote, mwanzo mpaka mwisho, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshairusha kwenye kundi la wanachama. Akaandika chini, "Leo tumecheka jamani."

Tumecheka. Eti tumecheka!

Baridi ya mwezi wa sita ilikuwa imeanza. Asubuhi moja nilikuwa nachambua maharage, Gaspari anaota jua barazani na redio yake. Mtangazaji akasema Chandamali United ya Songea, kuanzia msimu ujao, itatumia uwanja wa Iringa kwa mechi zake za nyumbani, baada ya mkutano wa wanachama kuridhia kwa kauli moja uhamisho huo na umiliki mpya.

Unajua mume wangu alifanya nini? Alicheka! Alicheka akajipiga paja. "Mama Leonce, umesikia? Huyu Mhehe sasa ametuingiza mpaka redioni!" Akachukua simu, akampigia, akaweka sauti kubwa ili na mimi nifaidi.

"We mla mbwa," akasema, "hata redio umeihonga?"

Kisha Isidori akasema, taratibu kabisa, "Gaspari, mimi nilikuambia."

"Uliniambia nini?"

"Nilikuambia naichukua. Ukasema chukua. Mkanyoosha mikono."

"Isidori, ule si ulikuwa utani?"

"Wa kwako ndio ulikuwa utani," Isidori akasema.

Gaspari akaiweka simu mezani, kioo kikiangalia chini. Akaingia ndani. Nilipomfuata nilimkuta amejilaza kitandani na viatu, saa tatu asubuhi, mtu ambaye mchana hajawahi kulala hata alipokuwa na malaria.

Hapo ndipo nilipojua maana ya kuchoka. Maana timu kuondoka ni jambo moja, lakini mji ukikosa timu unatafuta mtu wa kumlaumu, na mtu alikuwa amerekodiwa. Ile video ilizunguka. Watu walioinua mikono miwili, watu walioinua miguu, wote waligeuka wakawa hawakuwepo siku ile. Aliyekuwepo alikuwa mmoja tu, Gaspari, ameshika kiuno anasema chukua. Wakampa jina. Bwana Chukua. Nikienda soko kuu nasikia nyuma yangu, "Yule mke wa Bwana Chukua." Muuza nyanya ananiuliza, "Mama, na fungu hili utachukua kwa bei gani?" halafu anacheka na mwenzake. Nilimmwagia nyanya zake chini, na sijajuta mpaka leo.

Mume wangu akaacha kwenda kijiweni. Akaacha kunyoa ndevu. Kanisani akawa anakwenda misa ya kwanza, anakaa benchi la nyuma, padri akisema nendeni na amani yeye ameshafika geti. Mtu aliyekuwa akipita mtaani anasalimiwa "shikamoo mwenyekiti" kila mlango, sasa anapita njia ya korongoni kama mwizi wa kuku. Mimi nilitaka timu irudi. Si kwa ajili ya mpira, mpira ubaki na wenyewe. Nilitaka irudi ili mume wangu atoke nje na jina lake.

Tukakata rufaa. Abdulswamadu aliandika barua huku machozi yanamtoka, kwa sababu video ni yake na alijiona yeye ndiye muuaji. Kamati ya ligi ikajibu kwamba itamtuma mtu wake Songea asikilize pande zote, lakini ikasema wazi: mkutano ulikuwa halali, mikono inaonekana, kama tunadai tulikuwa tunatania tulete ushahidi.

"Ushahidi wa utani!" nilimwambia Abdulswamadu. "Utani una risiti?"

"Mama, wanasema kama mmiliki mpya mwenyewe hakuchukulia utani, basi haukuwa utani."

"Na akikiri kwamba timu ni yetu?"

"Akikiri mbele ya watu, hapo tuna neno la kusema."

Isidori akiri? Isidori simu zetu alikuwa hapokei tena. Nikakaa na hasira zangu wiki baada ya wiki, napika, hakuna anayekula.

Halafu mama yake Isidori akafariki.

Nilipopata habari nilikaa chini jikoni. Yule bibi nilimpenda. Alikuwa ananiita mtumwa wake. Kila nikifika Matogoro ananiambia, "Karibu mtumwa, vyombo viko nyuma," na mimi namwambia, "Bibi, wewe si ulishakufa mwaka juzi, nani kakufukua?" Anacheka mpaka anakohoa. Nilijifungua mtoto wangu wa tatu yeye amenishika mgongo. Kwa hiyo nililia, na nililia kwa haki.

Lakini nikiwa nalia, kichwa changu kikaanza kufanya kazi. Maana msibani ndipo mtani anapokuwa mfalme. Mtani anaweza kuvaa nguo za marehemu, akatembea kama marehemu. Anaweza kulala kaburini akakataa kutoka. Na mfiwa hamgusi wala hamgombezi. Anachoweza ni kumpa anachotaka ili mazishi yaendelee.

Nikafunga kitenge, nikaenda kwa Renatha. "Kesho tunazika," nikamwambia. "Na kesho mimi sitaki jogoo."

Gaspari alikuja. Nilidhani atakataa, lakini aliamka akavaa koti, akasema, "Mama yake amenilisha." Alipofika Matogoro alikaa na wanaume pembeni, kofia imeshuka usoni, hakutania hata neno. Wahehe waliokuja kutoka Iringa wakawa wanaulizana, huyu Mngoni anaumwa? Isidori alimwangalia mara moja, akaangalia kando.

Sisi wanawake tulifanya kazi yetu. Renatha alivaa kanga ya bibi na kushika bakora yake, akatembea kwa kuburuta mguu ule wa kushoto vilevile, akawa anawaamrisha waombolezaji, "Wewe, kaa vizuri! Wewe, umekuja kula au kulia?" Hata wajukuu waliokuwa wanazimia kwa kilio walicheka. Ndiyo kazi ya watani, na tuliifanya kwa upendo.

Jeneza lilipofika kaburini, padri alipomaliza kunyunyizia maji ya baraka, kijana mmoja akanyoosha mkono kushika chepe. Chepe haikuwepo. Nilikuwa nimeikalia. Nilikuwa nimekaa juu ya kichuguu cha udongo, nimenyoosha miguu kuelekea kaburini, upepo wa mlimani unanipiga usoni.

"Hazikwi mtu," nikasema.

Watu wakaanza kucheka. Mhehe mmoja mzee akasema, "Wangoni hao, wameanza. Wapeni ulanzi watoke!"

Wakaleta ndoo ya ulanzi, ile pombe ya mianzi. Nikaisogeza kwa mguu. Wakaleta jogoo. Nikasema jogoo wenu amekonda kama nyie. Wakaongeza jogoo wa pili, nikawaambia wamrudishe akamalizie kukua. Kicheko kilizidi. Isidori akaja mwenyewe, suti nyeusi, macho mekundu.

"Shemeji, sema unachotaka."

"Nataka timu."

Kicheko kikapanda mpaka miti ya Matogoro ikasikia. Isidori peke yake ndiye hakucheka.

"Shemeji, mama yangu yuko hapo."

"Namwona. Na mimi nilimpenda. Nataka timu."

"Toka, tafadhali."

"Chukua na udongo wako ukazike Iringa! Sitoki. Timu!"

Wenzangu wote wakadakia, Renatha akageuza wimbo, "Timu! Timu! Bibi haingii bila timu!" Padri anaangalia saa. Wajukuu wanapiga makofi. Nikamwona Isidori anageuka, analiangalia jeneza, anamwangalia mume wangu kule pembeni, Gaspari naye kichwa chini.

"Chukueni," akasema. "Chukueni timu yenu. Mama yangu azikwe."

"Sema kwa sauti!"

"Chukueni timu yenu!"

"Wanaokubali timu ibaki Songea wanyooshe mikono!" nikapaza sauti, na mikono ikapanda kuzunguka kaburi lote, Wangoni, Wahehe, hata mzee yule wa ulanzi akanyoosha. Nikatazama juu ya vichwa vya watu nikamwona Abdulswamadu amesimama kwenye jiwe, simu mkononi. Akaniitikia kwa kichwa. Amepata.

Nikasimama, nikawapa chepe. Udongo wa kwanza ulipogonga jeneza nilimlilia bibi yangu mpaka Renatha akanishika.

Njiani kurudi nilimwambia Gaspari, "Umesikia? Amesema. Mbele ya padri amesema." Alinishika mkono, na mume wangu si mtu wa kushikana mikono barabarani.

Mtu wa kamati alikuja katikati ya mwezi wa saba. Akakaa kwenye ukumbi uleule wa shule, meza ileile, mtu mnene mwenye sauti ya upole, amejifunga skafu kwa sababu baridi yetu ilikuwa haijamzoea. Ukumbi ulijaa. Isidori alikaa mstari wa mbele upande wake, sisi upande wetu. Mtu wa kamati akaonyeshwa video ya kwanza kwenye laptop. Aliiangalia bila kucheka. Akaandika. "Hapa nauona mkutano, naiona hoja, naiona kura," akasema.

Kisha Abdulswamadu akamwekea ya pili. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, "Hazikwi mtu." Yule bwana akainua nyusi. Nilipoukataa ulanzi akaanza kutabasamu. Nilipokataa jogoo wa pili mabega yake yakawa yanatikisika. Renatha alipoanza wimbo, akavua miwani akafuta machozi kwa skafu. Na mimi, mjinga mimi, nikafurahi! Nikampiga Gaspari kiwiko, nikamwambia, unaona, amefurahi, tumeshinda.

"Mama," akasema, akivaa tena miwani, "mama yangu, umenikumbusha mbali. Mimi ni Mzaramo. Bibi yangu alipofariki Wanyamwezi walilala kaburini tangu adhuhuri, tukazika alasiri. Mambo haya nayajua." Akafunga laptop. "Lakini huu ni utani. Siwezi kurudisha timu kwa utani."

Mwanzo sikuelewa. Nilidhani anaendelea na hadithi ya bibi yake.

"Na ule wa kwanza?" nikamuuliza.

"Ule ulikuwa mkutano, mama. Kulikuwa na mwenyekiti na ajenda."

"Na huku kulikuwa na padri na maiti! Ajenda gani kubwa kuliko maiti? Wewe baba, sisi tukitania inakuwa kweli, yeye akitania unakuwa utani? Utani huo ni wa nchi gani?"

"Mama, kaa."

"Sikai! Nimekaa juu ya udongo wa mazishi kwa ajili ya hii timu ambayo hata siipendi!"

Watu wakaguna. Yule bwana akageuka kwa Isidori. "Bwana Kihwele, tumalize. Pale kaburini, ulimaanisha?"

Isidori alisimama. "Nilikuwa nazika mama."

"Na hapa ukumbini?"

"Nilimaanisha. Nilisema, wakacheka. Nikasema tena kwamba nasema kweli, wakacheka zaidi." Akageuka, hakumwangalia mtu wa kamati tena, akamwangalia mume wangu. "Ningefanyaje? Timu ilikuwa inakufa. Watu hawa nimetaniana nao tangu nikiwa na kaptura. Sijui namna nyingine ya kuongea nao. Nililia ndani ya gari baada ya mkutano, lakini hapa ukumbini ningelia, Gaspari, si ungesema naigiza?"

Nikamwangalia Gaspari, nikimwomba kwa macho aseme neno, atukane, apige meza, afanye chochote. Alikuwa anaangalia mikono yake. Na kilichonikera kuliko vyote, kilichonifanya nitake kung'oa benchi, ni kwamba Isidori alikuwa anasema kweli. Angelia, mume wangu angesema anaigiza, na mimi mlangoni ningecheka.

Timu ikaenda. Wachezaji walipakiwa kwenye lile basi lake asubuhi moja ya ukungu. Waliolia walikuwa wengi, na waliopiga kelele za Bwana Chukua walikuwa wachache kuliko nilivyotegemea, lakini walikuwepo.

Zilibaki jezi. Msimu wote zilikuwa zinalala kwangu, na seti ile ya kijani ilikuwa kwenye kabati langu, safi, imekunjwa. Isidori akatuma ujumbe kwamba Jumamosi, kabla hajasafiri, atapitia azichukue.

Jumamosi Gaspari aliamka akaomba maji ya moto. Akanyoa. Akavaa shati jeupe la kanisani na suruali yenye upindo. Nikajisemea, leo leo, leo mume wangu amerudi, leo Mhehe atatukanwa mpaka atafute mlango. Na mimi nilikuwa na tusi langu. Nilikuwa nimelitunza tangu siku ya hukumu, nikiosha vyombo naliongezea chumvi, lilikuwa tusi zuri kabisa la utani, linaanza kwa babu zake wote na kuishia kwenye pua yake.

Gari likasimama. Isidori akaingia uani bila hodi, kama siku zote, lakini nilimwona ameshusha pumzi kwanza.

"Wakimbizi wa Kizulu!" akapaza sauti. "Mpo au mmekimbia tena?"

Mume wangu akasimama. Sikumbuki Gaspari kusimama kwa ajili ya Isidori hata siku moja. Kwa kawaida alikuwa anamwambia, "Kaa chini huko kwenye kuni." Akavuta kiti kizuri, cha wageni, akakifuta kwa mkono wake.

"Karibu, Bwana Kihwele," akasema. "Karibu uketi. Habari za nyumbani?"

Isidori akacheka. "We vipi? Ulanzi umekuingia asubuhi yote hii?"

"Hapana, bwana. Nashukuru. Poleni sana na msiba. Tunawaombea."

Nikaleta chai. Isidori akanywa funda moja, akakunja uso kwa makusudi, kama alivyofanya maisha yake yote kwenye meza yangu. "Shemeji, maji haya umeteka mtaroni?"

Ilikuwa zamu yangu. Nikafungua mdomo. Gaspari akawahi.

"Samahani sana, bwana. Mama Leonce, tafadhali, mwongezee mgeni sukari."

Mgeni. Nikamwona Isidori anashusha kikombe. Lile tabasamu likabaki mdomoni, lakini halikuwa na kazi tena pale. Akamsogelea Gaspari.

"Gaspari," akasema kwa sauti ya chini. "Nitukane."

"Siwezi, bwana."

"Nitukane, bwana. Niite mla mbwa. Nimekosa, nitukane yaishe."

"Mgeni hatukanwi," Gaspari akasema. "Kunywa chai, itapoa."

Na Isidori akanywa. Alikunywa chai ile yote, amekaa wima kwenye kiti cha wageni, magoti pamoja, kama mtu aliyekuja kuposa. Mume wangu akamuuliza kuhusu barabara, kama mvua huko Iringa zilikuwa za kutosha mwaka huu, kama watoto wanaendelea vizuri na masomo. Alimuuliza vizuri, kwa heshima, hakuruka hata kitu kimoja. Nilitamani kupiga kelele.

Nikaleta jezi, nikampa. Nilikuwa nimezipiga pasi. Nikamsindikiza mpaka getini, na pale akageuka, jezi amezikumbatia kwa mikono miwili.

"Na wewe shemeji?" akasema. "Na wewe? Wewe hujawahi kuninyima."

Tusi lilikuwa pale pale, kwenye ncha ya ulimi, limeiva. Nikageuka nikamwangalia Gaspari, amesimama barazani na shati lake jeupe, amenyooka, majirani wote wanamwona.

"Safari njema, Bwana Kihwele," nikasema. "Ukipita tena Songea, karibu."

Nikafunga geti taratibu. Hakuondoka haraka. Nilisikia viatu vyake pale nje kwenye changarawe, anangoja, na mimi nikiwa upande wa ndani nimeshika komeo, nimeuma mdomo, nalia.